Miezi kumi ya kujifunza kusimamisha mashua

Lengo tuliliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, mimi na mdogo wangu: ndani ya mwaka mmoja tuweze kukaa baharini usiku tatu mfululizo, watu wawili tu, kwa nguvu ya upepo, na injini iwashwe wakati wa kutoka na kuingia gatini peke yake. Hakuna kati yetu aliyewahi kushika kana, ule mti wa kuendeshea usukani, kabla ya hapo. Kurasa za kusugua na kupaka rangi nimeziacha. Hizi ndizo zilizobaki.

Wiki ya 1

Mashua ina mita 8.2, mwili wa faibaglasi, mlingoti mmoja, tanga kuu na tanga la omo (omo ni sehemu ya mbele ya mashua), mkuku wa chuma (uti wa chini ya mwili wake), uzito wa tani tatu hivi. Injini ni dizeli ndogo ya nguvu za farasi 10. Usukani unaendeshwa kwa kana, nami nimefurahi kwamba hauna gurudumu, maana kana inakuletea mkononi habari za maji: ikiwa nzito, kuna kitu umekikosea.

Kabla ya kuishusha majini tumekagua kila tundu lililo chini ya mstari wa maji. Vali moja ya bomba ilikuwa imeganda kabisa, haifungi wala haifunguki. Tumeibadilisha. Kando ya kila vali tumening'iniza kizibo cha mti laini chenye umbo la pia, ili bomba likipasuka usiku mkono ukifike gizani bila kutafuta. Waya mmoja wa kushikilia mlingoti ulikuwa na uzi mmoja uliokatika, mwembamba kama unywele. Mdogo wangu alisema uzi mmoja kati ya kumi na tisa si kitu. Tumebishana, tumebadilisha waya wote.

Wiki ya 3

Siku ya kwanza ya tanga. Tulikwenda na nahodha mzee aliyekubali kutufundisha kwa siku sita, mtu asiyepaza sauti.

Hakuna mashua inayokwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Hii yetu inaukaribia kwa nyuzi 45 hivi, kisha inakataa. Ukitaka kufika mahali palipo upeponi unabisha: unakwenda mshazari upande huu, unageuza omo ivuke upepo, unakwenda mshazari upande wa pili. Kwenye karatasi ni mstari wa msumeno. Mkononi mwangu siku hiyo ulikuwa mstari wa mtoto anayejifunza kuandika.

Mara ya tatu omo ilifika katikati ya upepo ikasimama hapo. Matanga yakapigapiga kama mabati, mashua ikaanza kurudi nyumanyuma, kana ikafanya kazi kinyume. Nilidhani nimevunja kitu.

"Mwanangu, umeingia kwenye kona bila mwendo," mzee akasema. "Halafu kwa hofu umeisukuma kana mpaka mwisho. Usukani ukiwa umekingama majini haugeuzi tena, unafunga breki."

Tukarudia, safari hii kwa kushika mwendo kwanza na kuisukuma kana polepole, kisha kwa nguvu zaidi omo ilipoanza kugeuka. Ikapita. Tukarudia mara ishirini.

Tulipokuwa tunarudi akatuuliza swali lililogeuza mpango wetu wote. Tunajua kuiondoa mashua, alisema, hilo hata upepo utatusaidia. Je, tunajua kuisimamisha? Hatukuwa na jibu. Jioni nimeongeza ukurasa mpya wenye kichwa kimoja tu: KUSIMAMA.

Wiki ya 6

Tani tatu zikienda maili tano za baharini kwa saa (kila maili ni mita 1,852) hukata zaidi ya mita mbili na nusu kwa sekunde moja. Breki hakuna. Kuna upepo, maji na hesabu.

Tumefunga boya dogo kwa jiwe, tukalitupa penye maji mapana, tukatumia siku nne kulifuata. Mbinu ni kulijia kutoka chini ya upepo, yaani upande ule upepo unakoelekea, kulegeza demani zote mbili (kamba zinazoyakaza matanga) matanga yakakosa nguvu, kisha kugeuza omo iuelekee upepo na kuacha mashua iteleze mpaka ichoke yenyewe. Swali ni itateleza kiasi gani. Kwa upepo mwepesi tulipima urefu wa mashua mara tatu na zaidi. Upepo ulipokaza na mawimbi kuinuka, haikufika hata mara mbili. Kwa hiyo kila siku, kabla ya kuingia mahali pembamba, tunafanya jaribio moja nje kwenye nafasi, tujue leo mashua inasimama vipi.

Tumepita boya mara kumi na moja siku ya kwanza. Siku ya nne nililigusa kwa mkono bila kuinama sana. Sijafurahi hivyo tangu mradi uanze.

Wiki ya 9

Mtu kaanguka baharini. Zoezi hili nimelikwepa muda mrefu kwa sababu tuko wawili tu: mmoja akianguka, aliyebaki ni mmoja.

Tulimtengeneza "mtu" kwa mpira wa ubavuni tuliofungia ndoo, ili maji yamshike na upepo usimpeperushe. Mara ya kwanza mdogo wangu alimtupa bila kunionya, kama tulivyokubaliana. Nikapiga kelele "mtu majini!", nikarusha boya la kuokolea, nikageuka kuchukua kamba, nikainua macho. Sikumwona. Zilikuwa zimepita sekunde ishirini hivi, sawa na mita hamsini, na mawimbi hayakuzidi nusu mita. Mpira ulikuwa wa rangi ya machungwa. Kichwa cha binadamu kingekuwa kidogo na cheusi zaidi.

Sasa tuna utaratibu ambao hatuubadilishi. Kabla ya lolote, simamisha mashua: geuza omo ivuke upepo papo hapo bila kugusa tanga la omo, mwendo ufe karibu na aliyeanguka. Bonyeza kitufe cha GPS cha kuweka alama ya mahali. Macho yasimwache, mkono umwelekee muda wote hata kama huna wa kumwonyesha, kwa sababu mkono unakumbuka uelekeo macho yakipepesa. Baada ya hapo ndipo unazunguka na kumjia kutoka chini ya upepo, kama tulivyokuwa tukilijia boya. Wiki ya 6 imelipa hapa.

Kumfikia ni nusu ya kazi. Kumpandisha mtu aliyelowa ni jambo jingine kabisa. Mdogo wangu aliingia majini kwa hiari, bahari ikiwa shuwari, akiwa na jaketi la kujiokolea, nami sikuweza kumwinua hata mpaka kiunoni. Tumetengeneza kamba yenye makapi (vigurudumu vya kupitishia kamba) inayoning'inia kwenye foromali ya chini ya tanga kuu, ule mti unaoshika ukingo wake wa chini. Kwa hiyo namvuta peke yangu, polepole, lakini anapanda. Na tumeandika sheria kwa herufi kubwa mlangoni: usiku, au ukiwa peke yako juu, mkanda wa usalama umefungwa mashuani. Usipoanguka, hakuna wa kukutafuta.

Wiki ya 14

Tumekosea kwa kuchelewa kupunguza tanga. Upepo uliongezeka polepole tukauzoea, mashua ikalala ubavu, kana ikawa nzito mpaka nikaishika kwa mikono miwili nikidhani ndiyo tanga zuri. Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo wake: mwendo ukizidi mara mbili, msukumo kwenye tanga unazidi mara nne. Tulipoamua kupunguza, kazi ya dakika tano ilichukua ishirini na tano. Siku hizi wa kwanza kati yetu atakayefikiria kupunguza tanga, tunapunguza, na hatujadili.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Tukiwa na upepo wa tezini, yaani wa kutoka nyuma ya mashua, niliacha mashua ipinde kidogo, upepo ukaingia nyuma ya tanga kuu, na foromali ya chini ikavukia upande wa pili kwa kishindo. Ilipita juu ya kichwa cha mdogo wangu, ambaye alikuwa ameinama kufunga kiatu. Hatukusema neno kwa muda. Tangu siku hiyo, upepo ukiwa wa tezini, foromali hiyo imefungwa kwa kamba inayokwenda mpaka omo, isiweze kuvuka bila sisi kutaka.

Wiki ya 17

Nanga. Kina cha maji kupwa mita 4, maji yatajaa kwa mita 3 zaidi, omo iko mita 1 juu ya maji: jumla 8. Kwa mnyororo tunatoa mara tano, yaani mita 40; kwa kamba tungetoa mara saba. Wiki iliyopita tulipiga hesabu kwa kina cha wakati ule tu, tukasahau maji yatajaa, na saa saba usiku nanga ikaanza kuburura. Tuliamshwa na sauti ya mnyororo ukikwaruza miamba. Sasa kabla ya kulala tunachagua vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja ubavuni mwetu. Mstari ukivunjika, tujue tunahama.

Wiki ya 20

Hii ndiyo wiki niliyokuwa nikiisubiri.

Kuna namna ya kusimamisha mashua katikati ya bahari matanga yakiwa juu, upepo ukivuma, bila nanga. Unapobisha, geuza omo ivuke upepo kama kawaida, ila demani ya tanga la omo usiifungue. Tanga hilo litabaki limekazwa upande usio wake, upepo utalijaza kwa nyuma na kuisukuma omo ishuke. Subiri mwendo ufe, kisha sukuma kana upande wa chini ya upepo na uifunge hapo. Sasa usukani unataka kuipandisha omo upeponi, tanga la omo linataka kuishusha, na tanga kuu likiwa limelegezwa kidogo linasawazisha ugomvi. Hakuna anayeshinda. Mashua inatulia.

Nimeisoma mara nyingi lakini sikutarajia ukimya ule. Dakika moja kabla tulikuwa tukigonga mawimbi, maji yakituruka usoni, tukizungumza kwa kupiga kelele. Kisha mashua ikainama kidogo, ikaanza kupanda na kushuka kama inapumua. Mdogo wangu akashuka ndani akachemsha maji. Nikakaa kwa saa nzima nikipima: tulihama kwa kuteleza maili moja na kidogo, ubavu mbele, na upande wa joshi, kule upepo unakotoka, mkuku ulikuwa umeacha zulia la maji laini ambalo mawimbi yakilifikia yanavunjika nguvu.

Si kila mashua inakubali kwa mpangilio uleule. Yetu, ikiwa na tanga kuu zima, ilipanda mno na kutaka kubisha yenyewe. Tulipolipunguza hatua moja ikakaa. Tumejaribu mara tisa kwa upepo tofauti na kuandika kana ifungwe wapi kila mara.

Wakati tumesimama, kasa akaibuka hatua kama kumi kutoka tezi. Akavuta pumzi, akatutazama, akabaki. Miezi mitano tumepita juu ya bahari hii na kasa tuliowaona wote walikuwa wakizama kwa hofu. Huyu alikaa dakika nzima. Nikafikiria ni wangapi tumewapita bila kujua wapo.

Wiki ya 23

Pomboo, kama kumi na watano. Walitujia kutoka ubavuni, wakakaa mbele ya omo wakiteleza kwenye msukumo wa maji ambao mashua inausukuma mbele yake. Kwa mashua yetu msukumo huo ni mdogo, na sidhani uliwaridhisha. Baada ya dakika sita waliondoka. Nilitaka kuwafuata. Tumekubaliana hatufuati. Tunashika uelekeo uleule na mwendo uleule, ili wao ndio waamue umbali. Kubadilisha mwendo ghafla karibu nao ni hatari kwao, na kwa nyangumi ni hatari kwa pande zote. Nchi nyingi zimeweka mita 100 kuwa mpaka wa kumkaribia nyangumi. Sisi tumejiwekea 300, kwa sababu mashua ya tanga ni kimya na anaweza asitusikie.

Tumeokota pia mifuko minne ya plastiki iliyokuwa ikielea, kwa kutumia mbinu ya boya. Mfuko majini unafanana mno na yavuyavu, na kasa hula yavuyavu. Ni zoezi zuri la kusimama na nitalifanya kila nikiona mfuko.

Wiki ya 29

Usiku wa kwanza wa kutembea gizani. Zamu za saa tatu tatu.

Jambo lililonishughulisha ni meli. Meli ya mita 50 na zaidi lazima taa zake za mlingoti zionekane angalau maili 6. Ikija kwa maili 20 kwa saa nasi tunaielekea kwa maili 5, tunakaribiana kwa 25, na maili hizo 6 zinaisha kwa dakika kumi na nne. Ndiyo maana tunazungusha macho upeo wote kila dakika kumi, hata kama AIS, chombo cha redio kinachoonyesha meli zinazojitangaza, inaonyesha hakuna kitu, kwa kuwa si kila chombo kinajitangaza. Taa nyekundu ni ubavu wake wa kushoto, kijani wa kulia. Ukiziona zote mbili kwa pamoja na taa mbili nyeupe zimepangana moja juu ya nyingine, anakuja kwako. Uelekeo wake kwenye dira usipobadilika huku akikua, mtagongana. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 zinasema chombo cha injini kinapisha cha tanga, lakini ndani ya njia nyembamba ya meli kubwa sisi ndio tunaopaswa kutomzuia, na hata baharini kwa wazi sitegemei haki yangu mbele ya mtu ambaye huenda hajaniona.

Saa nane usiku maji yalianza kuwaka. Ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho wanaotoa mwanga wakitikiswa. Mkia wa mashua ukawa njia ya rangi ya samawati. Halafu mistari mitatu ya mwanga ikaja kwa kasi kutoka kushoto, ikapita chini ya mkuku, ikatokea kulia. Sikuona pomboo wenyewe, niliona umbo lao limechorwa kwa mwanga, mpaka mapezi. Pomboo hulala nusu ya ubongo kwa zamu, jicho moja likiwa wazi. Nilimwamsha mdogo wangu. Hakukasirika.

Wiki ya 34

Tumeahirisha usiku tatu. Utabiri mbaya. Tumeshona tanga la omo.

Wiki ya 41

Tumetoka.

Siku ya kwanza upepo wa ubavuni, mashua ikienda maili tano kwa saa mchana kutwa. Panzi bahari, wale samaki wanaoruka, wakiruka kutoka kwenye wimbi la omo, na asubuhi ya pili tukamkuta mmoja amekauka juu ya sitaha. Mchana huo mbayuwayu alitua kwenye kamba, akahamia mlangoni, kisha akaingia ndani akalala juu ya rafu ya ramani akiwa amefura manyoya. Tulikuwa mbali na nchi. Tulimwekea maji kwenye kifuniko. Jua lilipokaribia kuzama akaruka kuelekea uelekeo mmoja bila kusita, na nikabaki nikitazama uelekeo huo muda mrefu baada ya kutoweka.

Siku ya tatu ikawa shuwari mpaka alasiri, halafu upepo ukaja wote kwa pamoja. Mdogo wangu alifikiria kwanza, kwa hiyo tulipunguza tanga. Ilipofika saa nne usiku tulikuwa tumechoka kiasi cha kuanza kusahau mambo madogo: mimi niliandika uelekeo uleule mara mbili, yeye alifunga mkanda wake kwenye kamba isiyo sahihi. Nikasema tusimame. Omo ikavuka upepo, tanga la omo likajaa kinyume, kana nikaifunga mahali palipoandikwa wiki ya 20. Ukimya.

Zamu ilikuwa yangu. Karibu na saa kumi alfajiri nikasikia pumzi. Ilikuwa kubwa, kama mvuke unaotoka kwenye bomba, na baada yake harufu nzito ya samaki. Halafu pumzi ya pili, fupi, ndogo. Nikamgonga mdogo wangu mguu. Tulizima kipima kina, tukakaa chini, hatukuwasha tochi hata nyekundu.

Walikaa nasi zaidi ya saa moja. Kulipopambazuka tukaona ni nyangumi mwenye nundu na mtoto wake. Pezi la ubavuni la mama, refu kama theluthi ya mwili wake, lilikuwa jeupe chini ya maji likafanya maji yale yawe ya kijani. Hatukuwa na mita 300, wala 100. Wao ndio walioamua. Mtoto alipanda kuvuta pumzi mara nyingi, mama mara chache, na kila mama alipopanda alikuwa upande wetu, katikati ya mashua na mtoto.

"Dada," mdogo wangu akanong'ona, "zamu yako iliisha nusu saa iliyopita."

Nikamwambia najua. Tulisubiri mpaka pumzi zikasikika mbali, kisha tukasubiri tena, ndipo nikaifungua kana.

Wiki ya 42

Usiku tatu, maili 211, injini dakika arobaini kwa jumla. Demani ya tanga la omo imelika karibu theluthi ya unene wake pale ilipokuwa ikisuguana na waya wa mlingoti usiku ule tuliosimama. Laiti tungekaa hivyo siku mbili ingekatika. Tumeigeuza ncha kwa ncha, na kwenye waya tumevisha kipande cha mpira wa bomba chenye urefu wa sentimita 60. Jumamosi tunatoka kusimama saa sita, tuone mpira unakaa wapi.